Mwalimu anauliza: mimi ni wa falsafa gani?

"Nafundisha hesabu watoto wa miaka 11 mpaka 13, huu ni mwaka wa tatu. Chuoni tuliambiwa mwalimu wa kisasa hafundishi, anawezesha tu, na kwamba kusimama mbele ukaeleza ni mambo ya kizamani. Mimi nikiwaweka kwenye vikundi wagundue wenyewe nusu ya darasa inapotea kabisa, wale wawili watatu wanaojua wanafanya, wengine wanakopi. Nikisimama nikaeleza hatua kwa hatua wanaelewa, lakini nabaki na hisia kama nimewaibia kitu. Mwezi uliopita alikuja mkaguzi akaandika kwamba somo langu linamtegemea mwalimu mno. Sasa natakiwa niandike kurasa mbili za falsafa yangu ya elimu na nimeshindwa, nafungua faili nalifunga. Nikisoma zile falsafa naona kila moja ina ukweli wake. Halafu juzi mtoto mmoja ameniuliza, mwalimu hii tunajifunza ya nini, nikamjibu itakuja kwenye mtihani. Akaitikia tu, akainama akaendelea kuandika. Hiyo imenikaa rohoni. Mimi ni wa falsafa gani, na nimekosea wapi?"

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara tatu na kila nikifika kwa huyo mtoto aliyeinama nasimama. Nitarudi kwake. Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja: pale unapodhani umekosea hujakosea. Kueleza kitu hatua kwa hatua kwa mtoto ambaye bado hakijui siyo kosa na wala siyo uzamani. Nimefundisha falsafa ya elimu kwa walimu wanafunzi kwa muda mrefu na kila mwaka nakutana na watu kama wewe, wazuri kabisa, wanaofika darasani wakaona kinachofanya kazi halafu wanakionea aibu kwa sababu kwenye noti za chuo kiliandikwa upande wa kushoto wa jedwali. Unalijua lile jedwali. Kushoto mwalimu ndiye kitovu, kulia mwanafunzi ndiye kitovu, kushoto kila kitu kibaya, kulia kila kitu kizuri. Mimi mwenyewe nililichora ubaoni miaka yangu ya mwanzo na najuta, maana limewaumiza walimu wengi.

Ubaya wake ni kwamba linachukua maswali mawili tofauti linayafunga fundo moja. Swali la kwanza ni elimu ni ya nini, yaani huyu mtoto tunataka awe mtu wa namna gani akishatoka mikononi mwetu. La pili ni nifanye nini leo asubuhi ili afike huko. Moja la lengo, jingine la njia. Yakichanganywa unakuta mtu anaamini kwa moyo wote kwamba elimu imkomboe mtoto, basi anadhani lazima anyamaze darasani asije akamkandamiza, na mwenzake anaamini elimu ni kurithisha maarifa ya waliotangulia, basi anadhani lazima aongee dakika arobaini bila kumeza mate. Wala havifungamani hivyo. Unaweza kuwa na lengo la ukombozi kabisa na ukafundisha kwa kueleza, na unaweza ukapanga viti kwa duara, ukagawa kadi za rangi, ukaita mbinu shirikishi, na bado kinachotoka mle ndani ni watoto waliozoea kutii.

Kwenye lengo, usione aibu kwamba huna jibu moja. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alipokuwa anaandika kuhusu siasa alifika kwenye elimu akasema wazi kwamba watu hawakubaliani vijana wafundishwe nini, kama elimu iangalie zaidi akili au tabia, kama wapewe vitu vya kutumika maishani, au vya kuwafanya wawe watu wema, au maarifa yale ya juu. Ingia kikao chochote cha walimu leo utasikia yale yale matatu, na bado hayajaisha.

Na yale majina unayoyasoma, perenializimu, esensializimu, progresivizimu, rikonstrakshonizimu, ni vizuri ujue yalikotoka maana ukijua yanapungua ukali. Siyo aina nne za walimu ambazo lazima uwe mojawapo, kama makundi ya damu. Yalikuwa majina ya pande kwenye ugomvi uliopamba moto Marekani hasa kuanzia miaka ya 1930, uchumi umeanguka, watu wanabishana shule zao zifanye nini. Robert Hutchins aliyekuwa anaongoza Chuo Kikuu cha Chicago, huyu wa perenializimu, alitaka vijana wasome vile vitabu vikubwa vilivyodumu, kwa hoja kwamba maswali makubwa ya binadamu hayabadiliki na zama. William Bagley, wa esensializimu, yeye alisimamia mambo ya msingi, kusoma, kuandika, hesabu, historia, yafundishwe kwa mpangilio na kwa bidii. George Counts, wa rikonstrakshonizimu, mwaka 1932 akawauliza walimu kama shule inathubutu kujenga jamii mpya. Sasa wewe unasoma unasema kila moja ina ukweli wake, na unaona huo ni udhaifu wako. Siyo udhaifu. Kila mmoja wao alikuwa ameona kitu kinachopotea akakililia, na mtoto wako mmoja, palepale kwenye dawati lake, anahitaji vyote walivyovililia.

Aliyenifundisha zaidi kwenye ugomvi ule ni John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani anayehusishwa na progresivizimu, na ndiye anayesingiziwa kuliko wote. Alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, na jina lake ndo linatajwa kila mtu akitaka kusema mwalimu akae pembeni. Lakini mwaka 1938, mzee anakaribia miaka 80, aliandika kitabu kidogo akiwageukia wale wale waliojiita wafuasi wake. Akawaambia kukataa shule ya zamani hakutoshi, maana ukijenga shule kwa kukataa tu unaishia kutokuwa na mpango. Akasema siyo kila uzoefu unaelimisha, upo uzoefu unaomdumaza mtu, na mwalimu kwa sababu ameona mengi kuliko mtoto ana wajibu wa kutumia hayo aliyoyaona kupanga mtoto akutane na nini. Huyo siyo mtu anayekuambia ukae kimya. Kwenye mpango wa Dewey mwalimu anafanya kazi kubwa zaidi, ila kubwa yake imehamia kwenye maandalizi, kule mtoto asikokuona.

Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya 18, naye ni hivyo hivyo. Kitabu chake cha Émile cha mwaka 1762 watu wanakinukuu kwamba mtoto aachwe huru akue kama mmea. Ukikisoma chenyewe unakuta mlezi mmoja yuko na mtoto mmoja miaka zaidi ya ishirini, na kila kitu ambacho mtoto anadhani amekutana nacho kwa bahati mlezi alishakipanga kabla. Hiyo siyo kumwacha mtoto. Na wewe una darasa zima na dakika zako arobaini, kwa hiyo anayekuletea Émile kama kipimo cha somo lako anakuonea.

Lakini mfano ninaopenda kuliko yote ni wa Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, kwa sababu yeye ndo analetwa kama fimbo ya kuchapia mwalimu anayeeleza. Ni kweli alishambulia elimu aliyoifananisha na benki, ile ya mwalimu kuweka na mwanafunzi kupokea na kutunza, na maneno yake pale ni makali na mimi nayakubali. Ila angalia alivyokuwa anafundisha watu wazima kusoma kule Brazil, mwaka 1963 pale Angicos, vibarua kama 300, kwa saa zipatazo 40. Wanaanza na picha ya maisha yao, mtu anajenga. Wanazungumza. Nani anajenga, nyumba ni ya nani, kwa nini anayejenga nyumba hana nyumba. Mazungumzo hasa, ya watu wazima na mambo yao. Halafu linatoka neno moja, tijolo, yaani tofali. Halafu neno linakatwa vipande, na hapo mwalimu anaweka mbele yao ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu. Mwalimu, hizo si silabi? Ni ba be bi bo bu yetu ile ile! Zimepangwa, zimeletwa na mwalimu, zinasomwa kwa sauti kwa kwenda pembeni na kwa kushuka. Hakuna aliyewaambia wale watu wagundue wenyewe kwamba herufi t inalia vile. Kisha wanaambiwa, haya, kwa vipande hivi tengenezeni maneno yenu, na usiku huohuo mtu aliyekuwa hajui kushika kalamu anatengeneza neno ambalo mwalimu hakulileta.

Nimekaa na huo mfano miaka na bado unanifundisha. Lengo ni ukombozi, hadi serikali ya kijeshi iliyopindua nchi mwaka 1964 ikamfunga. Njia ina mazungumzo, ina kueleza, ina kurudiarudia, ina kuachia. Kila kimoja na saa yake. Ile hisia yako ya kuwaibia kitu inatoka hapa: umefika kwenye ta te ti to tu, umefanya vizuri kabisa, kengele ikalia kabla hujasema haya sasa tengenezeni yenu.

Sasa kwa nini vikundi vyako vinapotea, hili lina sababu na siyo uvivu wa watoto wala uzembe wako. Binadamu anapofikiri anashikilia vitu kwenye sehemu ya akili iliyo finyu sana. George Miller, mwanasaikolojia, mwaka 1956 aliandika kwamba ni vitu kama saba hivi kwa mara moja, tafiti za baadaye zimeshusha zaidi, vinne hivi. Hiyo ni kwa kila mtu, mimi, wewe, profesa. Tofauti ya anayejua na asiyejua iko kwenye ukubwa wa kila kitu anachoshika. Watafiti Chase na Simon mwaka 1973 waliwaonyesha bingwa wa chesi na mtu anayeanza ubao wenye kete zilivyokaa kwenye mchezo wa kweli, sekunde chache tu, wakawaambia wapange upya. Bingwa alipanga nyingi, anayeanza chache sana. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila mchezo wowote ndani yake, ubingwa ukayeyuka, karibu wakawa sawa. Kumbe bingwa haoni kete moja moja, anaona vifurushi vya mipangilio aliyoizoea, kifurushi kimoja kinakaa nafasi moja.

Mrudishie hilo mtoto wako wa miaka 11. Umempa kikundi na swali la kujumlisha sehemu, nusu na theluthi, mgundue. Anashika asili ni nini, kiasi ni nini, kigawe kidogo cha shirika kinapatikanaje, mwenzake anasemaje, muda umebaki kiasi gani, na wewe unapita. Vinne vimejaa zamani. Hakuna nafasi iliyobaki ya kugundua chochote, anafanya kitu pekee ambacho akili yake inakiweza, anakopi. Wale wawili watatu wanaojua, kwao nusu na theluthi ni kifurushi kimoja tayari kwa hiyo wana nafasi ya kucheza. Kazi moja, wawili inawakuza, ishirini inawazamisha. Ndo maana ukieleza wanaelewa, umewapunguzia mzigo.

Ila usisimame hapo ukashangilia, kwa sababu tafiti za mzigo huo wa akili zina upande wa pili ambao wapenzi wa kueleza hawaupendi. Maelezo yanayomsaidia anayeanza yanaweza kumdhuru aliyeshaelewa. Ukiendelea kumshika mkono mtu anayejua njia anatembea vibaya kuliko ungemwachia, maana sasa anabeba maelezo yako juu ya yale anayoyajua. Kwa hiyo yule mkaguzi inawezekana aliona kitu cha kweli na akakiandika vibaya. Somo kumtegemea mwalimu siku ya kwanza ya mada ni sawa kabisa. Somo kumtegemea mwalimu vilevile wiki ya tatu ya mada hiyohiyo, hapo kuna tatizo, na ningekuwa mimi ningejiuliza hilo kwa uaminifu.

Ngoja nikupe kitu cha karibu ukione. Mtoto ameandika ½ + ⅓ = 2/5. Umeshaziona mara elfu hizo. Unaweza kumwekea alama nyekundu ya mkasi na kuandika 5/6 pembeni, amepata jibu, hajapata kingine. Unaweza kumwambia jadilini kwenye kikundi, na kikundi kizima kimeandika mbili ya tano kwa hiyo wanakubaliana kwa furaha. Au unainama pale unamuuliza, hii mbili ya tano uliyopata, na nusu uliyoanza nayo, ipi kubwa? Atakaa. Ukimwachia muda, na sehemu ngumu ni hapo kwenye kumwachia muda bila kumkatisha, atachora au atahesabu na ataona mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Alikuwa na nusu, akaongeza kitu, akabaki na pungufu. Uso unabadilika. Hajui jibu bado, lakini amejua mwenyewe kwamba lake halisimami, na hakuna mtu aliyemwambia.

Hapo ndo nakumbuka ile hadithi Plato anayoisimulia ya mwalimu wake Socrates na kijana mtumwa asiyesoma. Anamchorea mraba wenye upande wa futi mbili, eneo nne, anamuuliza mraba wenye eneo mara mbili ya huu, yaani nane, upande wake utakuwa na urefu gani? Kijana kwa kujiamini, nne. Wanachora, inatoka kumi na sita. Basi tatu. Wanachora, tisa. Kijana anakwama, anasema kwa kweli sijui. Na Socrates anamgeukia mwenye kijana anamuuliza kama wamemdhuru kwa kumfikisha hapo, kwa sababu mwanzo alikuwa hajui na anadhani anajua, sasa hajui na anajua kwamba hajui, na sasa ndo atatafuta. Watu wakisimulia hapo wanafunga kitabu wanasema unaona, maswali tu yanatosha. Hawasomi kinachofuata! Baada ya pale Socrates mwenyewe anarudi kwenye mchoro na kuleta ule mstari wa kutoka kona mpaka kona, kijana hakuwa ameuwaza kabisa. Mraba mkubwa wa kumi na sita una miraba minne ya nne nne, mstari unakata kila mmoja nusu, mbili mara nne ni nane, na huo mraba wa katikati uliosimama kwa kona ndo jibu. Mwalimu alimfikisha kwenye kukwama, akamwacha akwame, halafu akampa kifaa.

Na wewe na mtoto wako wa mbili ya tano ni hivyo hivyo. Akishakwama, mweleze. Mweleze vizuri, taratibu, kwa mchoro, kwamba nusu na theluthi haziwezi kujumlishwa zikiwa vipande vya saizi tofauti, tukate zote kwa sita, tatu ya sita na mbili ya sita. Maelezo hayohayo uliyoyatoa Jumatatu kwa darasa zima sasa yanaingia kwenye shimo lililochimbwa tayari. Yakishaingia, mpe moja amalizie uliyoianzia wewe, kisha moja peke yake, kisha mwambie atunge moja ya kumpa mwenzake na ajue jibu lake kabla ya kuitoa. Kumsaidia kwa karibu halafu kujiondoa kidogo kidogo, kunaendana na alichosema Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, kwamba tuangalie anachoweza mtoto akisaidiwa, maana hicho ndicho atakachoweza kesho peke yake.

Nikuwekee wazi hasara za kila upande ili usidhani nakuuzia njia isiyo na gharama. Kueleza kwanza kunaokoa muda na kunawabeba wasio na mtu wa kuwasaidia wakitoka shuleni, hilo nalitilia uzito sana, kwa sababu ukisema watagundua wenyewe wanaogundua ni wale ambao nyumbani kuna mtu aliyeshawaelekeza. Gharama yake ni kwamba watoto wanaweza kuzoea kusubiri, na darasa la kusubiri linaonekana lina nidhamu nzuri kwa hiyo hutashtuka mapema. Kuanza na swali gumu kabla ya maelezo kunawaamsha na kunaonyesha nani anafikiri nini, ila kunachukua muda na kusipopimwa kunamwaibisha mtoto ambaye tayari anajiona hawezi. Miradi ya wiki mbili tatu ni tamu kwa wanaojua msingi. Kwa asiyejua msingi ni kupaka rangi bango. Kukariri jedwali la kuzidisha nakuambia likariri, bila aibu, kwa sababu mtoto anayehesabu saba mara nane kwa vidole hana nafasi ya kufikiri swali lenyewe.

Haya, turudi kwenye lengo, kwa sababu njia zote hizo haziwezi kukujibia yule mtoto. Gert Biesta, mwanafalsafa wa elimu, ana namna ya kulipanga ambayo imenisaidia. Anasema elimu inafanya mambo matatu kwa pamoja: inampa mtu ujuzi wa kufanya kitu, inamwingiza kwenye jamii na desturi zake, na inamwacha awe mtu mwenye nafsi yake, anayeweza kusema ndiyo au hapana mwenyewe. Matatu hayo yanavutana. Ukisukuma ujuzi na mtihani tu unaweza kuua la tatu, ukisukuma la tatu tu unamwacha mtoto huru asiyejua kitu, na uhuru wa asiyejua kitu ni mdogo. Nyerere, ambaye naye alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya siasa, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aligusa palepale ulipochomwa wewe, kwamba shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, isiwe maandalizi tu ya mtihani wa kwenda ngazi nyingine ambayo wengi hawataifikia. Unaweza usikubaliane na mengine yake, lakini hilo lina uzito. Kama kila mwaka ni maandalizi ya mwaka unaofuata, mtoto ataishi lini?

Jibu lako la mtihani halikuwa uongo. Mtihani upo, una nguvu juu ya maisha yake, na mwalimu anayejifanya haupo hamtendei haki. Ila lilikuwa jibu la swali jingine. Yeye aliuliza ya nini, ukamjibu lini. Na usiende upande wa pili ukamdanganya kwamba atakuwa anajumlisha nusu na theluthi kila siku ya maisha yake, hatajumlisha, na anajua, anawaona watu wazima. Mimi ningemwambia lililo kweli kwa hesabu hii: unajifunza ili ukipewa jibu na mtu yeyote, mimi nikiwemo, uweze kuliangalia ukajua mwenyewe kama linasimama. Halafu ungemwonyesha ile mbili ya tano. Na kama ni mada ambayo wewe mwenyewe hujui ni ya nini, sema sijui, nitalitafuta, na ulitafute kweli.

Hapo falsafa yako nimeshaanza kuiona na haina haja ya jina. Mtu anayefundisha hatua kwa hatua na anaumia kwamba ameiba kitu anaamini mtoto anastahili kupewa maarifa kamili na anastahili pia kuachiwa afikiri. Andika hivyo. Kurasa zako mbili usizianze na kwa mujibu wa mwanafalsafa fulani, zianze na mtoto mmoja na kosa moja la daftari, eleza ulifanya nini na kwa nini, na leo ungefanya nini tofauti. Kisha andika kitu kimoja ambacho hutakifanya hata kama kingepandisha alama, mfano kumwaibisha anayekosea mbele ya wenzake, kwa sababu hapo ndo msimamo wa mwalimu unaonekana kuliko kwenye anavyovipenda. Majina ya kina Dewey yaingie tu pale yanapokusaidia kusema jambo, mawili yanatosha.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyaona na yanahitaji mtu akae na wewe. Mwombe mwalimu mwenzako unayemwamini akae nyuma ya darasa vipindi viwili, siku ya kwanza ya mada na wiki mbili baadaye, ahesabu kitu kimoja tu, ni watoto wangapi tofauti wamefikiri kwa sauti na umewasubiri sekunde ngapi kabla ya kujibu wewe. Hesabu hiyo nenda nayo kwa mkaguzi umuulize aliona nini hasa, kwa utulivu, wengi wao wanafurahi kuulizwa. Wale wanaokopi uangalie vizuri: kama kuna anayekopi kwenye kila somo, anayesogeza kitabu karibu na uso, anayegeuza shingo ukiongea, au ana miaka 12 na bado anasoma herufi moja moja, huyo falsafa yoyote haitamfaa mpaka apimwe macho, masikio, na aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kusoma au ya hesabu, kwa hiyo zungumza na mzazi mapema na umpe rufaa. Na wewe mwenyewe, kama hilo faili unalolifungua na kulifunga linaenda pamoja na kukosa usingizi na kuogopa asubuhi, usilichukulie kama tatizo la kuandika, tafuta mtu wa kuongea naye ana kwa ana, mshauri au daktari, walimu tunachelewa sana kwenye hilo.

Yule mtoto mtafute kabla hujamaliza kurasa zako. Mwambie lile swali lako la juzi nilikujibu haraka, limenikalia, naomba uniulize tena. Asipokumbuka mkumbushe wewe. Kisha vuta kiti ukae, muwe urefu mmoja, umpe daftari lenye mbili ya tano, umwambie kuna mtu kaandika hivi, wewe unaonaje. Halafu nyamaza.